Kasuku Aliyepiga Hodi Kutoka Ndani

Paukwa!

*Pakawa!*

Nyumba?

*Ina mlango!*

Mlango?

*Una hodi!*

Na hodi?

*Ina mwenyewe wa kuiitikia!*

Ehee. Wale wa nyuma sogeeni. Na wewe unayetafuna muhogo, tafuna polepole, maana hadithi hii ina maneno ya watu ndani yake, na maneno ya watu ukikosa moja umekosa yote.

Hapo zamani za kale, zamani hizo watu na wanyama walikuwa wakisalimiana njiani, palikuwa na bibi mmoja, jina lake Bi Kazija. Mumewe amekufa. Binti zake wameolewa mbali, ng'ambo ya mto. Akawa anapika peke yake, anakula peke yake, akipiga chafya hakuna wa kumwombea afya.

Siku moja alikwenda msituni kuokota kuni. Akasikia kitu kinalia, "Kwii! Kwii!" Kutazama chini ya mti, ni kinda la kasuku limeanguka kiotani. Halina hata unyoya, mdomo mkubwa kuliko kichwa. Bi Kazija akaziacha kuni, akalitia kwenye pindo la kanga yake, akarudi nalo nyumbani.

Akamlea kwa wali wa kutafuniwa. Akamfumia tundu la fito, akalitundika ukumbini. Akampa jina, akamwita Mwenzangu.

Wanyama wa pale nyumbani hawakupendezwa.

Akaja Paka, akajinyoosha. "Bibi, wafuga kasuku wa nini? Mimi nakamata panya, na siri ya nyumba haitoki mdomoni mwangu."

"Kweli," akasema Bi Kazija. "Lakini nikikuita, waja?"

Paka akatazama ukutani.

Akaja Kuku. "Bibi, mimi nataga mayai. Yeye ataga nini? Makelele."

"Kweli. Lakini nikilia, wajua nalilia nini?"

Kuku akaparura mchanga.

Akaja Mbuzi. "Bibi, mimi nakupa maziwa. Huyo atakutafunia kitanda."

"Kweli, mguu mmoja keshautafuna. Lakini wewe, umewahi hata siku moja kuniuliza nimeamkaje?"

Mbuzi akacheua, akaenda zake.

Na kasuku akakua, akaota manyoya ya kijivu na mkia mwekundu, akajua kusema. Kila asubuhi, "Bibi, umeamkaje?" Bi Kazija akiita, "Mwenzangu!" yeye huitika, "Labeka, bibi!" Nyumba ikachangamka. Hata wali ukawa unaiva upesi.

Lakini kasuku, jamani, ni kasuku. Anachosikia ndicho anachosema.

Bi Kazija alikuwa na shoga yake, jirani wa ukuta kwa ukuta, anaitwa Bi Mafunda. Walikuwa wakipeana chumvi, wakipeana moto, wakipeana na habari za watu. Basi siku moja Bi Mafunda alileta pilau. Alipoondoka, Bi Kazija akaonja, akasema peke yake, "Ee! Pilau ya Mafunda ukimrushia mbwa, mbwa hulia."

Peke yake? Tunduni kuna mtu.

Kesho yake Bi Mafunda akaja kuchukua bakuli lake. Akapiga hodi, akakaribishwa, akakaa mkekani. Kasuku akamtazama kwa jicho moja, akasema kwa sauti ileile ya Bi Kazija, "Ee! Pilau ya Mafunda ukimrushia mbwa, mbwa hulia."

Lo! Bi Mafunda akasimama. "Shoga, nimesikia."

"Shoga, ni ndege tu huyo!"

"Ndege hajui pilau. Ndege kafundishwa." Akachukua bakuli lake, akajifunga kanga, akaondoka. Tangu siku hiyo ukuta wa nyumba zile mbili ukawa ukuta kweli.

Hilo la kwanza. Sikieni la pili.

Mnajua desturi yetu. Mtu haingii nyumba ya mtu mpaka apige hodi. Hupiga hodi mara tatu. Akijibiwa "Karibu," ameshakuwa mgeni, na mgeni hapigwi. Asipojibiwa, hugeuka akaenda zake, wala hachungulii. Sasa Mwenzangu alijifunza kujibu. Mtu akipiga hodi tu, yeye, "Karibu! Karibu! Pita ndani!" Bi Kazija yuko kisimani, wageni wamejaa ukumbini. Akirudi hucheka, akisema, "Mwenzangu amenipokelea watu."

Habari hizo zikafika kwa Ngawa. Ngawa mnamjua, yule mnyama wa madoadoa, mwenye harufu yake, mwizi wa kuku. Akangoja Bi Kazija aende kisimani. Akaja mlangoni, akajifuta miguu, mstaarabu kabisa.

"Hodi!"

"Karibu!" kasuku akajibu.

"Hodi!"

"Karibu! Karibu!"

"Hodi, wenyewe!"

"Karibu! Pita ndani!"

Akapita. Akapita mpaka uani, bandani kwa kuku. Bi Kazija aliporudi alikuta manyoya yanapeperuka, na Ngawa amekaa mkekani anachokonoa meno.

Bi Kazija akapiga ukelele. Watu wakaja na magongo. Ngawa akasema, "Taratibu. Mimi ni mgeni. Nimepiga hodi tatu, nimejibiwa tatu. Mgeni huandaliwa kuku, au mila zenu zimebadilika?"

Wakamwita kadhi. Kadhi wa mji ule alikuwa Beberu, si kwa elimu, kwa ndevu. Beberu akazipapasa ndevu zake, akasema, "Amekaribishwa. Aliyekaribishwa ni mgeni. Mgeni hapigwi. Mwacheni aende."

Ngawa akaenda, tumbo mbele.

"Na kasuku je?" watu wakauliza. "Leo kamkaribisha Ngawa, kesho atamkaribisha Chui!"

"Anyongwe!" akasema mmoja. Na Bi Mafunda alikuwepo hapo, midomo ameibana.

Bi Kazija akalitungua tundu ukumbini, akalikumbatia kama mtoto. "Ninyongeni mimi kwanza," akasema. "Huyu hakuiba. Huyu kasema alilolisikia kwangu. Mimi ndiye ninayesema karibu kwa kila mtu, maana naogopa nyumba tupu."

Beberu akakohoa. "Basi apewe nafasi moja. Akijibu hodi tena, hodi yoyote, ya mtu yeyote, atanyongwa shingo."

Jioni ile Bi Kazija akaweka uso wake kwenye fito za tundu. "Mwenzangu."

"Labeka, bibi."

"Usijibu hodi tena. Hata aje nani. Umesikia? Nina wewe tu."

"Sijibu, bibi," akasema kasuku. Na kwa kuogopa asije akateleza, akaacha kusema kabisa. Asubuhi hakumuuliza bibi ameamkaje. Akiitwa, hutikisa kichwa tu. Manyoya ya kifua yakaanza kumtoka. Bi Kazija akawa anapika tena kama zamani, kimya, na wali ukawa hauivi.

Haya. Sasa la tatu, na hili ndilo lenyewe.

Bi Kazija akaugua homa. Alikuwa akitoka jikoni, akashika ukuta, ukuta ukamponyoka, akaanguka pale pale ukumbini chini ya tundu. Mlango umeshindikwa tu, haukufungwa. Lakini nani ataingia bila kukaribishwa?

Akaja Kanga, ndege wa madoa, kuazima chekeche. "Hodi! Hodi! Hodi!" Kimya. Kasuku akang'ata ufito mpaka ukakatika. Kanga akasema, "Hayupo," akaenda zake.

Akaja Punda, kaleta maji. "Hodi! Hodi! Hodi!" Kimya. Kasuku akahangaika huku na huko mpaka tundu likacheza. Punda akasema, "Amelala," akaenda zake na maji yake.

Na Bi Kazija chini pale, midomo imekauka, akasema kwa sauti ndogo, "Mwenzangu... maji..."

Kasuku akamtazama kwa jicho la kulia, akamtazama kwa jicho la kushoto. Akawaza: nikijibu hodi nitanyongwa, nisipojibu bibi atakufa. Na bibi mwenyewe kaniambia nisijibu.

Sasa turudi kwa jirani. Bi Mafunda alikuwa na hasira, lakini mwenye hasira na jirani yake ndiye anayemchungulia zaidi. Aliona tangu jana moshi hautoki jikoni kwa Bi Kazija. Akajisemea, "Asipike, ananihusu nini?" Akafagia ua. Akatazama. Moshi hakuna. Akaosha vyombo. Akatazama. Moshi hakuna. Mwisho akapakua pilau, akaifunika kawa, akasema, "Nampelekea aone kama mbwa atalia." Hiyo ndiyo sababu aliyojipa. Sisi wanawake hatukosi sababu.

Akafika mlangoni.

"Hodi!"

Kimya.

"Hodi, Kazija!"

Kimya.

"Hodi kwa mara ya tatu!"

Kimya. Bi Mafunda akavimba. "Aa! Yumo ndani, hataki kunijibu. Na mimi ndiye mjinga niliyekuja." Akageuka na bakuli lake. Akapiga hatua ya kwanza. Akapiga ya pili.

Ndipo nyuma yake akasikia, kutoka ndani ya nyumba, sauti nyembamba:

"Hodi!"

Akasimama. Hodi hupigwa nje. Tangu lini nyumba ikapiga hodi?

"Hodi, Bi Mafunda!"

"Nani huyo aliye ndani anataka kuingia nje?"

"Hodi! Hodi kwa ajili ya bibi!"

Bi Mafunda, kwa desturi tu, maana hodi isiyojibiwa humwasha mtu kama upupu, akasema, "Karibu!" Na kwa kuwa hakuna aliyetoka, akausukuma mlango aone ni mgeni gani huyo.

Akaona. Bakuli akaliweka chini, sijui hata aliliweka vipi. Akamuinua shoga yake, akamlaza pajani, akamtia maji mdomoni tone kwa tone, akamkanda kwa kitambaa cha maji. "Kazija wee! Usinifanyie hivi, wee! Nani atakayenisema ukifa?"

Bi Kazija akafumbua macho. "Mafunda," akasema. "Nimesikia harufu ya pilau. Nilidhani nimefika peponi."

Wakalia wote wawili. Na kucheka wakacheka.

Lakini Kanga alikuwa njiani, amesikia sauti ya kasuku. Akakimbia mpaka kwa Beberu. "Kasuku amejibu hodi! Amejibu!" Watu wakaja, na Beberu mbele, na ndevu mbele ya Beberu.

"Alikatazwa, na amejibu," akasema Beberu. "Mtoeni."

Bi Kazija hawezi hata kuinuka. Akanyoosha mkono tu kuelekea tunduni.

Bi Mafunda akasimama mlangoni, mikono kiunoni. "Kadhi, na hizo ndevu zako, sikiliza. Huyu hakujibu hodi. Amepiga. Nani alimkataza kupiga?"

Beberu akakuna kichwa. "Hakuna."

"Na anayepiga hodi ni nani?"

"Ni... mgeni anayetaka kupokewa."

"Na mimi nilimjibu karibu. Mbele ya Mungu, kwa mdomo wangu. Basi huyu ni mgeni wangu. Na mgeni hufanywaje, kadhi? Sema, ulisema mwenyewe!"

Beberu akazipapasa ndevu, akazipapasa tena. "Mgeni hapigwi," akasema. "Wala hanyongwi." Akaondoka, na watu wakaondoka nyuma yake wanacheka.

Bi Kazija alipopata nafuu, alikula ile pilau. Akasema, "Shoga, tamu." Kasuku akafungua mdomo. Bi Kazija akamtazama. Kasuku akaufunga. Alikuwa amejifunza.

Kisha Bi Kazija akalifungua tundu. "Mwenzangu," akasema, "mgeni hawekwi tunduni. Nilikuokota ukiwa huna mabawa. Sasa unayo."

Kasuku akaruka, akapita dirishani, akaelekea msituni. Bi Kazija akalitazama tundu tupu. Usiku ule hakulala vizuri, nisiwadanganye.

Alfajiri akasikia dirishani, "Hodi!"

Akainuka upesi. "Nani?"

"Mwenzako."

"Karibu!"

"Bibi, umeamkaje?"

Na ikawa hivyo kila alfajiri mpaka bibi alipozeeka kabisa. Tundu Bi Mafunda akalifanya la kuwekea vitunguu.

Na Ngawa? Alirudi, hakukosa. Akapiga hodi kwa adabu zake. Kasuku akiwa juu ya paa akauliza, "Nani?" Ngawa angejitaja jina? Akaingia kichakani na njaa yake. Ndiyo maana mpaka leo, ukipiga hodi kwa watu wenye akili, kwanza unaulizwa, "Nani?"

Basi, wajukuu, anayetaka kufuga kasuku afuge. Atapata wa kumuuliza ameamkaje, na atapoteza mguu wa kitanda. Lakini kabla ya kumlaumu ndege kwa maneno yake, aulize aliyajifunza kwa nani. Na anayempenda mwenzake asimzibe mdomo, maana mdomo uleule uliokuaibisha jana ndio utakaokuitia watu kesho.

Hadithi yangu imefika milangoni kwenu. Aliyeipenda aifungulie, asiyeipenda aishindikie. Mimi hodi zangu tatu nimeshapiga, narudi kwangu nikalale.