Gogo la Mtemi Nyati

— Ngano inakuja!
— Ije tuione.
— Inakuja na tumbo tupu.
— Ikae nasi, tunafanana.

Basi hapo kale palikuwa na Mtemi Nyati, mwenye nguvu nyingi, na tamaa nyingi kuliko nguvu. Katika nchi yake, Mtemi akisimama, kila mnyama huanguka kifudifudi, puu, mpaka aketi. Ndiyo ilikuwa heshima. Tangu atawazwe, Nyati hakuwahi kumwona mnyama aliyesimama wakati yeye kasimama.

Ng'ambo ya mto waliishi fisi, na Mtemi aliwaogopa. Siku moja akaja Nguchiro, mdogo wa mwili, mwingi wa maneno, akiburuta gogo lenye uwazi lililojaa majivu.

"Mtemi, hii ni silaha. Ukiipuliza, adui wote chini."

"Nitajuaje?"

"Tuijaribu. Ita watu wako, simama, puliza."

Wakaitwa. Mtemi akasimama. Wanyama wakaanguka, puu. Gogo likasema fyuu. Majivu yakatua migongoni mwao.

"Wameanguka wote," akasema Mtemi, macho yamemtoka.

"Hilo la kwanza. Silaha ya kweli hujaribiwa mara tatu."

Mtemi akasimama, puu, fyuu. Akasimama tena, puu, fyuu. Majaribio yakafaulu yote matatu, na Nguchiro akataka mtama wote wa ghala, ule wa kuwavusha kiangazi.

Kanga, mama wa vifaranga sita, akauliza akiwa bado kalala: "Mtemi, na fisi je? Wao hawakuangukii."

"Nyamaza," akasema Mtemi. "Unaharibu jaribio."

Mtama ukaenda. Kiangazi kikaja, na fisi wakavuka mto. Mtemi akasimama. Gogo likasema fyuu. Fisi wakapiga chafya, chya, chya, wakaendelea kuja. Mtemi akakimbilia matopeni. Kwa Kanga kilibaki kifaranga kimoja. Inaniuma kusema, lakini nimesema.

Nguchiro akarudi, amenenepa.

"Silaha yako haikufanya kazi," akasema Mtemi.

"Silaha ni nzima, Mtemi. Fisi ndio hawana adabu. Sasa nimeleta gogo kubwa zaidi. Nipe tu ule mtama wa mbegu."

Wanyama wakaitwa kwenye jaribio. Mtemi akasimama. Wakaanguka, puu. Gogo likasema fyuuuu. Majivu yalipotulia, Kanga alikuwa amesimama, kifaranga wake ubavuni.

"Mbona huanguki?"

"Halijaniangusha, Mtemi. Hebu puliza tena."

Akapuliza tena. Kanga kasimama vilevile. Mtemi akaliangalia lile gogo, akaliangalia sana. Kila nikisimulia, nikifika hapa hudhani safari hii ataelewa.

Nguchiro akamnong'oneza: "Kasoro haiko kwenye gogo, Mtemi."

Kanga akaondolewa, hakuonekana tena. Jaribio likarudiwa. Wote wakaanguka, kifaranga naye akaanguka. Silaha ikapokewa kwa vigelegele, na mbegu zikaenda. Majivu ya siku ile hayakumtoka kifaranga yule, wala wanawe, wala wajukuu zake. Sisi tukiyaona mgongoni mwa kanga tunayaita madoa, tunasema amependeza.

Ngano yangu imeishia ghalani, na ghalani hamna kitu. Funzo lake ni hili, jamaa zangu: mkubwa wako akisimama, lala upesi. Usipolala, utaiharibu silaha ya nchi.