Mwanatumu Mchemsha Chumvi na Kisima cha Jumbe

Hodi jamani, hodi!
— Ingia na neno!
Neno lenyewe refu.
— Tandika, tutakaa!
Lina watu wanaotazamana kwa pembe ya jicho.
— Lete, nasi tutazame!

Hapo kale, kale ambayo hata makaburi yake yameota majani, palikuwa na mji ukiitwa Kidundui, kando ya mikoko. Na katika mji huo alikuwako mwanamke, jina lake Mwanatumu binti Hamadi. Kazi yake kuchemsha chumvi. Tabia yake kushuku.

Ukimpa samaki, atamnusa kichwa, atamnusa mkia, kisha atakunusa na wewe. Ukimsalimu kwa furaha, atajiuliza unataka nini. Ukimsalimu kwa unyonge, atajiuliza umeficha nini. Na usipomsalimu kabisa, basi siku hiyo hali akashiba.

Mnacheka? Msimcheke. Hakuzaliwa hivyo.

Alikuwa na binti, Riziki, mtoto wa miaka sita. Masika moja, asubuhi Riziki alikuwa akiruka kamba. Adhuhuri akaanza kutapika na kuharisha. Siku ya tatu wakamzika. Tangu siku hiyo Mwanatumu alihisi kwamba kuna aliyemdanganya, ila hakumjua ni nani. Kwa hiyo akawashuku wote.

Na si Riziki peke yake. Kila masika ugonjwa wa tumbo uliingia Kidundui ukachukua watoto. Mwaka huu watano, mwaka ule tisa. Na kila masika Jumbe Kitwana, mkubwa wa mji, mwenye tumbo pana na sauti nzito, alisimama uwanjani akasema: "Jini wa kisima amekasirika. Leteni mbuzi!" Watu wakaleta mbuzi. Mbuzi wakachinjwa. Nyama ikaingia jikoni kwa Jumbe. Jini hakushiba.

Mbona mnanitazama hivyo? Mimi nasimulia tu.

Siku moja akaja mgeni. Mwanamke wa makamo, mwembamba, mvi zimemwanzia kwenye paji la uso, kichwani ana sanduku la mbao. Jina lake Bi Zuwena. Nyumbani kwao kulikuwa na ghorofa na vitanda vya kunakshiwa, akaviacha. Miaka ishirini alikuwa akienda mji hata mji, akifundisha wanawake kusoma na akiuliza juu ya magonjwa. Akaomba banda bovu la kusukia mikeka, akasema: "Waleteni watoto wa kike, niwafundishe kusoma na kuandika. Bure."

Bure! Neno hilo lilimchoma Mwanatumu sikioni kama mwiba.

"Bure?" akamwambia jirani yake. "Mtu mzima aache ghorofa, aje alale na panya, afundishe watoto wa watu bure? Ana lake huyu."

Jumbe naye hakupendezwa. Akamwita Mwanatumu barazani kwake. "Shikamoo Jumbe." "Marahaba, bibi. Wewe una macho. Mchunguze yule mwanamke. Nipatie neno moja tu la kumtia hatiani. Ijumaa ijayo nakusanya watu, tunamfukuza."

"Kwa nini mimi?" akauliza Mwanatumu, maana hata Jumbe alimshuku.

"Kwa sababu wewe humpendi mtu."

Basi Mwanatumu akaenda kuchunguza. Siku ya kwanza alichungulia kwenye tundu la makuti. Akamwona Bi Zuwena akichota maji ya kila kisima cha mji, akiyatia katika chupa, chupa moja moja, kisha akiyatazama kwa kioo cha duara. Mwanatumu akajisemea: "Anafuga mashetani kwenye chupa!"

Siku ya pili akachungulia tena. Akamwona akizunguka nyumba kwa nyumba. "Hodi, mama. Pole na msiba wa mwaka jana. Mtoto alikuwa akinywa maji ya kisima gani?" Nyumba hii swali hilo, nyumba ile swali hilo. Mwanatumu akajisemea: "Anatafuta njia waliyopitia wafu wetu!"

Siku ya tatu akachungulia tena. Bi Zuwena alikuwa ametandika mkeka mkubwa. Juu yake ameuchora mji mzima kwa mkaa: njia, nyumba, visima. Na kwenye nyumba nyingi ameweka kokoto nyeusi. Nyumba hii moja, ile mbili. Mwanatumu akaitafuta nyumba yake. Akaiona. Juu yake, kokoto moja.

Hakuchungulia tena. Aliingia kwa mguu mmoja na mlango ukaanguka.

"Kokoto hii ya nani?"

Bi Zuwena hakushtuka. "Ya nyumba yako, bibi. Ni Riziki."

"Nani kakutajia jina la mwanangu? Unawahesabu maiti wetu uwafanyie nini?"

"Nataka nijue kilichowaua. Tazama kokoto zimejaa wapi."

Mwanatumu hakutaka kutazama, lakini macho yake hayakuzoea kuacha kitu. Akatazama. Upande wa Kisima cha Mchangani, kokoto mbili. Upande wa Kisima cha Ukwajuni, moja. Kukizunguka Kisima cha Jumbe, kokoto zilijaa kama siafu.

"Ndipo anapokaa jini," akasema.

"Huenda. Mimi sijamwona. Nilichoona ni choo cha Jumbe, kimechimbwa juu ya mwinuko, hatua arobaini kutoka kisimani. Nadhani kinavujia chini kwa chini."

"Unadhani! Unamsingizia Jumbe!"

"Huenda nimekosea," akasema Bi Zuwena. "Ndiyo maana sitaki uniamini. Kila mtu hapa anataka uamini, Jumbe pia. Mimi nataka unishuku, lakini ushuku mpaka mwisho, usiishie njiani. Chumvi unayo. Imwage kwenye choo cha Jumbe. Maji ya kisima yakibaki baridi, yasiyo na ladha ya chumvi, mimi ni mwongo, nifukuzeni."

Mwanatumu akafikiri. Akashika kiuno.

"Chumvi ni yangu. Naimwaga mwenyewe. Kisima nakilinda mwenyewe. Na wewe hutoki bandani humu."

"Hivyo hasa ndivyo ningeomba."

Mwanatumu akazidi kushuku, maana hakuwahi kuona mtu akikubali masharti haraka vile.

Jumanne akabeba chumvi ya kuuza mpaka nyumbani kwa Jumbe. Asubuhi akaomba choo, akamwaga kikapu. Adhuhuri akarudi, akaomba choo, akamwaga kikapu. Alasiri akarudi tena, akaomba choo, akamwaga kikapu na ndoo mbili za maji juu yake. Mke wa Jumbe akamwonea huruma: "Tumbo limekukamata leo, mwenzangu?"

"We acha tu, shoga yangu."

Kisha akachukua kigoda, akakaa kando ya kisima. Kila aliyekuja kuchota alimkagua mikono, alimkagua ndoo, alimkagua na kamba. Zamu ya kulala alimwachia dada yake, naye dada akaambiwa atakaguliwa.

Jumatano akaonja. Maji baridi. Akatema, akacheka: "Mwongo huyo!"

Alhamisi asubuhi akaonja. Maji baridi. Akaenda hadi bandani. "Funga sanduku lako, bibi. Kesho unaondoka."

"Siku haijaisha," akasema Bi Zuwena, na wasichana waliokuwa wakijifunza hapo wakainua macho. Sauti yake haikuwa na uhakika, na Mwanatumu aliisikia.

Alhamisi alasiri akaonja.

Chumvi.

Akasukutua kinywa, akaonja tena. Chumvi. Nayo haikuwa chumvi yoyote tu, ni yake mwenyewe, yenye uchungu mdogo wa majivu ya mikoko, ambayo angeitambua hata usingizini. Lakini nimewaambia alikuwa mtu wa kushuku. "Labda ni bahari imepanda," akasema. Akakimbia mpaka Kisima cha Mchangani, kilicho karibu zaidi na bahari. Akaonja. Baridi. Akakimbia Ukwajuni. Baridi. Akarudi Kisima cha Jumbe. Chumvi.

Ndipo akakaa chini, pale pale kwenye tope.

Maji haya ndiyo aliyompa Riziki. Mtoto analia kiu, yeye anakimbia kisimani. Kikombe, na kikombe kingine. "Kunywa, mwanangu, upoe." Siku tatu, kikombe juu ya kikombe.

Alipofika bandani jua lilikuwa bado halijazama. Akasema neno moja: "Mimi ndiye niliyemnywesha."

Bi Zuwena akaketi chini kando yake. "Ulimpa maji mtoto mwenye kiu."

"Usinibembeleze."

"Sikubembelezi. Nakwambia kilichotokea."

Wakakaa hivyo.

Ijumaa, baada ya sala, Jumbe Kitwana akakusanya watu. Bi Zuwena akasimamishwa katikati na sanduku lake. Jumbe akasema: "Huyu ana chupa, ana vioo, anahesabu wafu. Shahidi wangu ni Mwanatumu, ambaye nyote mnajua hapendelei mtu. Sema, bibi!"

Mwanatumu akasimama na mtungi mikononi.

"Nitasema, Jumbe. Lakini jua kali, na kazi yako nzito. Kwanza kunywa maji. Nimeyachota sasa hivi kisimani kwako."

Jumbe akapokea kata. Akapiga funda kubwa. Uso ukamkunjamana.

"Mbona yana chumvi?"

"Yana nini, Jumbe? Sema kwa nguvu, wa nyuma wasikie."

"Chumvi! Chumvi tele! Nani ametia chumvi kisimani kwangu?"

"Kisimani hakuna aliyetia," akasema Mwanatumu. "Nimekilinda siku tatu, na kila mtu hapa amekaguliwa na mimi. Chumvi nimeitia chooni kwako. Muulize mkeo nimeingia mara ngapi."

"Mara tatu," akasema mke wa Jumbe kutoka upande wa wanawake. "Mimi nilidhani tumbo!"

Watu wakaangua kicheko. Kicheko kikaenda, kikaenda, kisha kikakatika. Maana mmoja mmoja walianza kufahamu. Jumbe alikuwa ameshafahamu. Alikuwa ameinama nyuma ya kiti, anatema.

Mtu mmoja akauliza kwa sauti ndogo: "Na jini je?"

"Kama yumo," akasema Mwanatumu, "basi naye anakunywa tulichokuwa tunakunywa."

Mnadhani wote walikubali? Thubutu! Wako waliosema Mwanatumu amelogwa. Wako waliosema mgeni anaweza kuibadili ladha ya maji kwa kuyatazama tu. Mwanatumu hakugombana nao. Akawaambia: "Msiniamini. Kisima cha Ukwajuni kile, choo kilicho karibu nacho kile, chumvi hii hapa. Kalindeni wenyewe." Wazee wawili wabishi wakaimwaga chumvi, wakalinda siku sita. Maji hayakubadilika. Wakarudi kisimani kwa Jumbe, wakaonja: bado chumvi. Wakatazamana, wakaenda kutafuta majembe.

Choo cha Jumbe kikafukiwa. Kisima kikazibwa kwa mawe. Jumbe hakuomba radhi kwa mtu, na hakuna aliyempelekea tena mbuzi.

Kisha masika yakaingia.

Kidundui nzima ikamtazama Bi Zuwena. Mvua ya kwanza ikanyesha, watu wakangoja. Mvua ya kumi ikanyesha, wakangoja. Akina mama waliwagusa watoto matumbo asubuhi na jioni. Mtoto akipiga chafya, majirani watatu wamefika. Siku thelathini. Siku arobaini. Jua likatoka, njia zikakauka, na makaburini hapakuwa na udongo mpya wa mtoto hata mmoja.

Lakini hakuna aliyelisema. Waliogopa. Walikutana Mchangani kuchota maji, wakasalimiana, wakaulizana habari za mihogo, na neno lenyewe wakalimeza.

Mpaka asubuhi moja Mwanatumu akaweka ndoo chini, akawatazama wenziwe wote, mmoja mmoja, akasema:

"Mwaka huu hatukuzika."

Na wanawake wale, waliokuwa wamesimama na ndoo zao, wakalia kwa sauti.

Ngano yangu imefikia ukingo, mbele yake sijui njia.
Aliyesikia na asimulie, aliyesinzia na aulize.
Kinywa changu nimekifumba, chenu kifumbueni!