Taa za Meneja Kihwele

Meneja Kihwele alikuwa akilinyemelea shamba la chai kwa gari, na mchumaji yeyote aliyekutwa amekaa alifukuzwa papo hapo. Asubuhi moja mchumaji mmoja, Tulalumba, akamwamkia.

"Shikamoo bosi. Gari zuri hivi, mbona taa zimelala? Za wakubwa huwaka mchana kutwa."

"Hizi ni za ukungu tu."

"Si fundi anaziunga, ukiwasha injini ziwake zenyewe? Mkubwa akija, aonekane!"

Meneja akavimba kichwa. Siku hiyo hiyo taa zikaungwa.

Tangu hapo hakumkuta hata mmoja amekaa.

"Siku hizi mnajituma kwelikweli!"

"Ni hizo taa, bosi," Tulalumba akajibu. "Zikichomoza tu kule kilimani, wote tunapata nguvu za kusimama."