Korongo Mbele ya Masumbuko

Sogeeni karibu, na atakayesinzia katikati asije akaniuliza mwisho, maana mwisho mtautoa nyinyi.

Palikuwa na wanawake watatu waliohesabu ndege katika bwawa la Ilolo. Kila Januari, ndege wa Ulaya wanapoikimbia baridi ya kwao na kuja kuchanganyika na wa kwetu, wanawake hawa walijitolea kuwahesabu, bila malipo wala posho. Nyemo alikuwa na macho. Akikwambia kuna bata nyuma ya matete, basi yupo, hata kama wewe unaona maji matupu. Zamda alikuwa na masikio: bwawa zima lingepiga kelele, naye angekutajia kila aliyelia na alikolilia. Perisi alikuwa msuka majamvi, amekulia kwenye kukata matete, na alipita juu ya tope ambalo mbuzi angezama.

Wa nne alikuwa Masumbuko, mwandishi wao. Huyu kipaji chake kilikuwa mwandiko mzuri na ukali. Mkewe, Tabu, alikuwa na mimba ya kukaribia kujifungua. Sheria ya Masumbuko ilikuwa moja: mkishaingia bwawani, mdomo unafunguliwa kwa jina la ndege tu.

"Porojo zinarusha ndege," alisema. "Mimi nikisikia jina, naandika. Mengine mtaongea nyumbani."

Walimcheka, lakini walimtii.

Nyemo aliolewa zamani na hakujaliwa mtoto. Mtaa mzima ulimwita shangazi, lakini hapakuwa na mtoto hata mmoja aliyepewa jina lake. Jambo hilo lilimuuma, na hakumwambia mtu.

Januari hiyo mvua kubwa ilinyesha milimani. Maji yakashuka kwa nguvu na kuchimba korongo refu katikati ya matete, mahali ambapo zamani palikuwa na njia. Matete yakainama juu yake na kulifunika. Masumbuko alitangulia, macho kwenye daftari, kalamu mkononi. Nyemo alikuwa juu ya tuta, na kutoka kule aliona ardhi imekatika mbele ya miguu ya mwenzake. Hakuwa na muda wa kuchagua maneno.

"Korongo!" alipiga kelele.

Na Masumbuko, maskini, akainua uso juu kutazama mbinguni.

"Wangapi?" akauliza, akapiga hatua.

Hakuonekana tena. Ndege wote waliruka kwa mpigo mmoja, bwawa likawa kelele tupu. Nyemo alishuka mbio kutoka kwenye tuta, akataka kujitupa palepale alipozama mwenzake. Perisi akamdaka kwa kanga.

"Ukiingia hivyo tutatafuta wawili!"

Waliita, wakaita tena. Masumbuko hakuitika. Chini ya matete walisikia maji ya milimani yakikimbia. Nyemo alimfikiria Tabu na tumbo lake.

Zamda akafumba macho. "Nyamazeni," akasema. Wakanyamaza. Juu yao ndege walikuwa wakilia kila mmoja na lake, naye akawa anawatoa mmoja mmoja, kwa kunong'ona: "Bata. Membe. Sululu. Bata tena." Kisha akashika mkono wa Perisi. "Huyo si ndege. Ni mluzi wa mtu aliyebanwa pumzi. Maji yamemchukua. Yuko kushoto, kule mbali!" Wenzake walikuwa tayari wamegeukia kulia.

Wakakimbilia kushoto, na mluzi ukakatika. Mbele yao matete yalikuwa yaleyale, marefu, yakiyumba kwa upepo. Hapo ikawa kazi ya Nyemo. Alikodoa macho mpaka yakamtoka machozi, akaona kishungi kimoja cha matete kinatikisika kinyume na upepo, na chini yake vidole vyenye rangi ya tope. Vikazama. Hakuthubutu kupepesa. "Nenda, Perisi, mimi sitoi macho hapa. Mbele. Kulia kidogo. Simama, uko juu yake!"

Perisi alikuwa ameshakata matete kwa panga lake na kuyafunga mafungu, akiyatandika mbele na kuyatambalia kwa tumbo. Akazamisha mikono yote miwili, akakuta kichwa. Akakiinua, akapitisha kanga chini ya makwapa ya Masumbuko. Nyemo na Zamda wakamfuata juu ya mafungu, wakashika ncha nyingine, wakavuta kwa nguvu zote.

"Acheni! Mtamkata viungo!" Perisi alifoka. "Miguu imenaswa, na tope halivutwi hivyo. Ngojeni nilitikise lilegee."

Maji yalikuwa yanamfikia Masumbuko mdomoni. Nyemo aliona midomo ile ikifunga na kufungua, akangoja, na kungoja kule kulimshinda kuliko yote. Perisi akatikisa, akatikisa, mpaka tope likamwachia. Masumbuko akatoka bila viatu.

Alipomaliza kutapika maji, neno lake la kwanza lilikuwa hili: "Mtoto wangu ataitwa jina la aliyeniokoa."

Wiki hiyohiyo Tabu akajifungua mtoto wa kike. Wanawake watatu wakaenda kumpongeza, na chai haijapoa, maneno yakaanza.

"Mimi ndiye niliyemtoa," alisema Perisi.

"Ungemtoa wapi?" Zamda akajibu. "Si ulikuwa unakwenda kulia?"

"Na vidole aliviona nani?" Nyemo aliuliza kwa sauti ndogo.

Zamda akamgeukia. "Shoga yangu, usiniudhi. Wewe ndiye uliyemtumbukiza."

"Nilimwonya!"

"Nilisikia jina la ndege," Masumbuko alisema, macho chini.

"Lilikuwa shimo!" Nyemo alilia. "Ningesemaje?"

Tabu, kitandani, akamtazama mumewe. "Na ile sheria ya majina ya ndege tu, iliwekwa na nani?" Masumbuko akajikuna shingo.

Zamda akasema basi mtoto apewe majina yote matatu. Masumbuko akakataa. Kwao mtoto hupewa jina la mtu mmoja, na huyo anakuwa somo yake mpaka kufa. Jina la kugawana si la mtu.

Nyemo alilitaka jina lile kuliko kitu chochote alichowahi kukitaka, na aliona aibu kulitaka. Tabu akampa mtoto ampakate. Mtoto alikuwa mzito na wa moto, amelala fofofo.

"Haya, baba wa mtoto," alisema Perisi. "Sema."

Masumbuko akafungua mdomo. Mimi namwacha hapo. Pasipo masikio ya Zamda wangetafuta upande mwingine. Pasipo macho ya Nyemo wangefika na wasimwone. Pasipo mikono ya Perisi wangemwona akifa. Na ule ukelele wa kwanza mtauhesabu upande gani, wa kuokoa au wa kuangamiza? Msinitazame mimi, mimi sina mtoto wa kumpa jina. Wewe, na wewe unayejificha nyuma ya mwenzako: mtoto yuko mapajani mwa Nyemo na watu wanangoja. Je, ungemwita nani?