Ufa Kwenye Mnara wa Boksi

Hii nimeipata kwa mtu, naye aliipata kwa mtu. Isome mpaka chini kabla hujampelekea mwingine.

Katika mji mmoja uliopitiwa na reli aliishi Mzee Lugembe, mkuu wa stesheni mstaafu. Wenzake walipostaafu walifuga kuku. Yeye alijenga reli. Mkewe alikuwa ameshafariki, kwa hiyo meza ndefu ya chakula haikuwa na kazi tena. Juu yake treni ndogo ilizunguka kwa betri, na kando ya reli hiyo mzee alikuwa anajenga kiwanda cha pamba cha mji ule, kidogo kiasi cha kukaa kwenye sinia.

Kuta alizikata kwenye maboksi, mabati akayatoa kwenye makopo ya maziwa. Kujenga hakukumsumbua. Kazi ilikuwa kukizeesha. Kiwanda kile kilijengwa enzi za mkoloni, na mzee hakutaka cha kwake kionekane kipya hata kidogo. Kutu aliipaka kwa vumbi la matofali lililochanganywa na gundi, masizi akayakwangua kwenye kibatari na kuyapaka chini ya madirisha kwa pamba. Kila asubuhi alibeba kiti chake akakaa mbele ya kiwanda chenyewe, akatazama doa moja moja, kisha akarudi nyumbani kulinakili. Walinzi walimtania kwamba anataka kukiposa.

Binti yake wa pekee, Milembe, alifanya kazi humo. Alikaa kwenye mizani ya pamba, chini kabisa ya mnara wa matofali uliobeba tangi la maji.

Siku moja mzee aliona ufa kwenye mnara ule. Ulianzia juu, karibu na tangi, ukashuka ukipinda kati ya tofali na tofali. Maji yalichuruzika ndani yake na kuacha alama ya kijani. Sitamfichia siri: alifurahi kama mtu aliyeokota kitu cha thamani. Alikwenda nyumbani akauchora kwa ncha ya sindano. Wiki iliyofuata ufa ulikuwa umerefuka, naye akaurefusha wa kwake.

Hakuwa mjinga. Alijua ufa unaotembea si wa kuchezea. Lakini alijua pia kwamba akisema, mafundi watapanda, watauziba kwa saruji, watapaka chokaa mnara mzima, na kiwanda chake cha mezani kitakuwa kimefanana na kitu ambacho hakipo tena. Akajiambia atasema akishamaliza. Ulikuwa umebaki upande mmoja tu wa kupaka rangi.

Mchana mmoja Milembe alimletea chakula, akainama kukitazama kile kiwanda. Kidole chake kikasimama kwenye mnara.

"Baba, huu ufa upo kweli? Maana mimi nakaa pale chini, huko juu sikuoni."

"Huo ni urembo wangu tu, mama. Mnara mzee bila ufa haupendezi."

Milembe alicheka, akasema baba yake ana mambo, akamfunikia chakula na kurudi kwenye mizani.

Mnara ulianguka kabla mzee hajamaliza ule upande. Ilikuwa asubuhi, tangi limejaa, na wakulima wamepanga foleni na mizigo yao. Milembe alitolewa chini ya matofali akiwa ameshakata roho.

Msibani watu walimwonea mzee huruma. Wakubwa wa kiwanda walisimama wakasema hakuna aliyejua, mnara haukuonyesha dalili yoyote, ni mipango ya Mungu. Waombolezaji wakaitikia. Mzee naye akaitikia.

Baada ya matanga alikuja mkwewe, Shigela, na ombi moja. Watoto walikuwa wanauliza mama yao alikuwa anakaa wapi kazini, na pale sasa palikuwa na kifusi tu. Aliomba kile kiwanda kidogo, awaonyeshe. Mzee alikosa namna ya kukataa. Shigela alikinyanyua kwa mikono miwili, kwa adabu, akaenda nacho hadi mlangoni. Penye mwanga akasimama.

"Baba, huu ufa uliuchora baada ya mnara kuanguka, siyo?"

Hapo mzee angeitikia tu. Angebaki na mkwe, angebaki na wajukuu, na hakuna ambaye angejua. Lakini alikuwa amechoka kuitikia.

"Niliuchora kabla," alisema. "Na Milembe aliniuliza. Nikamwambia ni urembo."

Shigela hakumtukana, wala hakukivunja kile kiwanda. Alikirudisha mezani taratibu, akakiweka sawa kando ya reli, akatoka. Wajukuu hawajakanyaga nyumba ile mpaka leo.

Funzo: Ukiona hatari juu ya kichwa cha mwenzako, mwambie siku hiyo hiyo, hata kama kusema kutakuharibia jambo lako. Ukishamzika, ukweli wako haumfai kitu.