Kwa Nini Watu wa Tamuri Hawajimiminii Maji

Nimewaona mlivyotazamana, wageni wangu. Mmefika na vumbi la safari, mto mnausikia pale chini, na bado mmeketishwa nyuma ya hema, mmeupa mto mgongo, mkamiminiwa maji kwa upawa wa mti. Mmoja wenu alitaka kuushika upawa ajimiminie, akanyang'anywa. Halafu mwanangu, mtu mzima mwenye mvi, akainama kuwaosha miguu kwa mkono wake, na wewe wa mwisho ukaona haya ukaivuta yako. Mnataka kujua kwa nini. Nitawaambia, ila anayetaka hadithi iliyonyooka akalale, maana hii ilianza kwa mtu aliyechanganyikiwa, na sisi wajukuu wake hatujapata nafuu hadi leo.

Hapo kale, mto huu wa Tamuri haukuguswa na mkono wa mtu. Watu wa nyika waliamini kwamba mbingu hushuka mtoni kila siku kujitazama uso, na anayeyachafua maji huitukana, nayo hujibu kwa radi. Ikawa sheria: maji huchotwa kwa chombo, kwa adabu, yapelekwe mbali. Hakuna kuoga mtoni, hakuna kufua. Nguo ilivaliwa mpaka yenyewe ikamwacha mtu. Aliyetia mkono au mguu mtoni aliuawa, asije akaiponza kambi nzima. Msicheke. Mngekaa katika nyika hii tambarare, radi inatafuta kitu kirefu cha kupiga na kitu kirefu ni wewe, mngeogopa pia.

Wakati huo alitawala Bukatai Khan, mjukuu wa wale Wamongoli waliokuja kutoka mashariki juu ya farasi. Mama yake, Sorgana, ndiye aliyekuwa mlinzi wa sheria za mababu. Alizijua zote kwa moyo, na hakuna aliyebishana naye. Mama huyo alikuwa amemlea pia Tolun, mtoto wa mwanamke aliyefariki kwa uzazi. Aliwanyonyesha wote wawili, Tolun ziwa hili, Bukatai ziwa lile, wakakua wakipigania tandiko moja la farasi na kulala chini ya ngozi moja.

Mwaka mmoja, majira ya baridi, theluji ilimkwamisha hapa msomi wa miji ya kusini aliyeitwa Sheikh Imadu. Khan akawa anakwenda kumsikiliza, mwanzoni kwa kukosa la kufanya, baadaye kwa sababu hakuweza kukaa mbali. Theluji ilipoyeyuka aliwakusanya watu, akatoa shahada mbele yao, akawaambia wanaotaka wamfuate. Tolun alikuwa wa kwanza. Sorgana alikataa. Alisema ameshazeeka, hawezi kuanza kuiita mbingu kwa jina jingine, na mwanawe hakumlazimisha.

Lakini siku alipotawazwa, Bukatai alikuwa ameapa juu ya tandiko la baba yake kwamba hatafuta sheria hata moja. Na siku aliyosilimu hakufuta hata moja. Alivibeba vyote viwili moyoni kwa furaha, kiapo na dini, wala hakuona kwamba vitagongana.

Viligongana asubuhi iliyofuata. Sheikh alikuwa ametawadha majira yote ya baridi kwa birika lake, ndani ya hema lake, na hakuna aliyemwambia habari za mto. Tolun hakuwa na birika. Alichoambiwa na Khan jana yake ni kwamba kabla ya kuswali mtu hutawadha, na kwamba maji ya mto ni safi. Basi akashuka mtoni akatia mikono. Walinzi walimkamata ndevu zinachuruzika maji, hata miguu hajaifikia.

Aliletwa mbele ya Khan amefungwa kamba. Hukumu ilikuwa kifo kabla jua halijazama. Khan akamuuliza sheikh, naye akasema mtu huyu ametii amri ya Mungu, kumuua ni dhuluma. Akawauliza wazee, nao wakasema sheria hiyo aliiapia mwenyewe. Akamtazama mama yake, ambaye siku zote alikuwa na jibu, na mama akatazama chini. Kila upande ulikuwa na haki, na pande zote mbili zilikuwa zake. Khan aliinuka, akakaa, akainuka tena. Aliagiza farasi, na alipoletwa akawa amesahau alitaka kwenda wapi.

Ndipo Tolun aliposema, taratibu, bila kulia. "Ndugu yangu, mimi nimesikia sauti moja tu, nayo ni yako. Ulisema nisiuguse mto, sikuugusa miaka yote. Jana ukasema ninawe, nikanawa. Niambie ni lini nilikuasi, ili nife nikijua."

Khan aliinuka. Alitoka, akateremka mtoni kambi nzima ikimtazama, akatia mikono yake majini, akaosha uso. Kisha akarudi akawaambia walinzi wamfunge na yeye. Walinzi waliduwaa. Mmoja aliishika kamba, akaiachia, akaishika tena, maana wa kukamatwa ndiye huyohuyo wa kutoa amri ya kukamata. Na wakati wanababaika hivyo, mawingu yalikuwa yamepanda kutoka magharibi, meusi, yananguruma.

Bukatai akasema kama mbingu imetukanwa, basi itajua yenyewe wa kumpiga. Akamfungua Tolun kamba, akamshika mkono, wakapanda kile kilima mnachokiona, wakaketi mahali peupe. Sheikh aliwafuata akisihi kwamba Mwislamu haombi hukumu kwa radi. Wazee nao walisihi kwamba khan hafi kama mbuzi aliyesahauliwa malishoni. Khan aliwaambia wote kwamba huenda wanasema kweli, akabaki palepale.

Mvua ikashuka. Radi ilipiga, mlio wake ukawaangusha watu kifudifudi. Walipoinua macho, ndugu wale wawili walikuwa hai kilimani, na hema kubwa la Khan lilikuwa linawaka moto. Ndani hamkuwa na mtu.

Hapo wakaanza kuvutana. Wazee wakasema mbingu imeipiga nyumba ya Khan kwa sababu ya kosa lake. Sheikh akasema Mungu amemwokoa Khan, maana bila ya mkasa wa kutawadha angekuwa ameketi humo. Wote walikuwa wanayanyooshea kidole majivu yaleyale. Wakamgeukia mwenyewe awaambie maana yake. Naye, amelowa chapachapa, akasema neno ambalo watawala hawalisemi.

"Mimi sijui."

Sorgana alikuwa amesimama mvuani muda wote, anawatazama watoto aliowanyonyesha wakisubiri kufa kwa sheria aliyokuwa akiilinda. Aliingia hemani mwake, akatoka na upawa na ndoo ya ngozi ya kukamulia farasi. Akachota maji mtoni kwa adabu, kama ilivyoruhusiwa tangu zamani, akapanda nayo kilimani, akawaketisha wanawe wameupa mto mgongo ili maji machafu yasiurudie. Alikuwa analia wala hakujificha.

"Sheria ilitaka radi isije," aliwaambia wazee. "Imekuja, imekwenda, na wanangu wako hai. Mambo yamekwisha." Kisha akamwambia Bukatai, "Mto ni wangu, kwa hiyo maji nitachota mimi. Swala ni yako, kwa hiyo utanawa wewe. Mkono unaonawa hautachota." Akaanza na Tolun, aliyekuwa amebakiza miguu.

Ikawa hivyo kambi nzima. Waliobaki na mambo ya zamani waliwamiminia maji waliosilimu. Sorgana alimmiminia mwanawe kila swala, miaka mingi, huku akinung'unika kwamba watu hawa wananawa kuliko wanavyochafuka.

Akazeeka, akaugua. Asubuhi moja alimwambia Bukatai, "Leo nimiminie mimi." Khan akamimina. Mama akanawa viganja, akasukutua, akaosha uso, akaosha mikono hadi viwiko, akapaka maji kichwani, kwa mpangilio uleule aliouona miaka yote. Khan alisubiri asikie kama atatamka neno. Hakutamka. Kabla hajaifikia miguu, alikata roho, ameegemea bega la mwanawe.

Sasa niambieni. Alikuwa anatawadha, au alikuwa bibi mgonjwa anayejipoza homa? Sheikh hakujua. Wazee hawakujua. Tolun alisema aliiona midomo yake ikicheza, lakini Tolun alimpenda mno, hatuwezi kumwamini. Khan alichanganyikiwa kuliko siku ya radi. Alimzika ameelekea Kibla, na tandiko lake akaliweka kando yake kaburini, kama mababu walivyofanya. Lakini kabla ya hayo yote, pale pale, aliuweka upawa chini, akainama, akamwosha mama yake miguu kwa mkono wake mwenyewe, polepole, hadi katikati ya vidole. Alifanya hivyo ili kama mama alikuwa amekusudia kutawadha, kisibaki kitu ambacho hakukimaliza.

Na tangu siku hiyo, katika bonde hili hakuna anayejimiminia maji, na kila anayemmiminia mwenzake, akifika miguuni, huuweka upawa chini akaiosha kwa mkono wake. Waliogoma kusilimu wamekwisha, sote tunaswali, kwa hiyo siku hizi tunamiminiana kwa zamu, na mto bado tunaupa mgongo. Mkiniuliza kama tunafanya hivyo kwa ajili ya Mungu, au ya mto, au ya yule mama, nitawajibu kama Khan alivyowajibu watu wake.

Haya, wewe uliyevuta miguu, inyooshe. Mwanangu bado ameinama anakusubiri.