Shamba la Mtama Mtupu

Hapo zamani, wakati wafalme walipoamini kuwa hata mvua hungoja ruhusa yao, palikuwa na mji uitwao Mwangani, na mtawala wake akiitwa Sultani Sefudini. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mvivu wa kufikiri tu, na kazi hiyo alimwachia waziri wake, Mahfudhi.

Waziri huyu hakuwahi kushika jembe ila siku moja, alipolisogeza lisimzibie njia. Lakini shemeji yake alikuwa mfanyabiashara, na ghala lake lilijaa unga wa kijivu wa kuulia magugu na wadudu. Basi akamwendea mfalme, akamwambia, "Bwana wangu, mashamba ya raia wako ni aibu tupu. Mtama umechanganyika na kunde, kunde na maboga, na majani makavu yametapakaa kote kama ua lisilofagiwa. Mtama wataka kukaa peke yake." Sultani akayaona maneno matamu, akaamuru baragumu lipigwe: kila kilicho hai shambani, kisichokuwa mtama, king'olewe au kiuawe.

Watu wakatii huku wakinung'unika. Asiyetii alikuwa Shekuwe, fukara asiye na kitu ila mkewe Mwanahawa, mbuzi watatu, na kishamba kilichopakana na shamba kubwa la mfalme. Humo alipanda mtama, kunde, mbaazi na maboga pamoja, akatandaza majani na samadi. Watu walimwita mpumbavu, maana alikuwa akiwaamkia nyungunyungu kila asubuhi.

Akaletwa barazani. Sultani akamuuliza, "Ewe Shekuwe, mbona huitii amri yangu?"

"Niwie radhi, bwana wangu. Nilidhani amri hiyo umewatolea adui zako."

Sultani akapandwa na hasira. "Basi nakufanya msimamizi wa shamba langu kubwa, ulitunze kwa amri hiyo hiyo. Kishamba chako hakitaguswa mpaka siku ya mavuno. Lakini siku hiyo kikionekana shambani mwangu kiumbe hai kimoja kisichokuwa mtama, kishamba chako ni cha Waziri, nawe na mkeo mtauhama mji."

Nani awezaye kuwazuia sisimizi? Waziri alikwisha kuanza kukigawa kile kishamba moyoni mwake. Shekuwe akainama, akasema, "Nimesikia na kutii. Ila naomba amri hiyo iandikwe na kupigwa muhuri, nisije nikaambiwa nimeitunga." Akaandikiwa.

Nyumbani Mwanahawa akalia. "Shamba hili alililima marehemu mama, na mama yake kabla yake. Nawe umelitoa kwa ulimi wako!"

"Nyamaza, mke wangu. Nitamtii mfalme. Hajapata kutiiwa kweli, ndiyo maana hajui kunavyouma."

Basi akatii. Aling'oa kila jani, akachoma makapi, akamwaga unga wa kijivu mpaka nyuki wakahama na nyungunyungu wakafa, ikawa ardhi ngumu kama sakafu. Waziri akapita, akasema, "Sasa hili ndilo shamba!" Mvua ikanyesha mara tatu, ikateleza juu ya ardhi ile na kuingia mtaroni. Kisha jua likawaka mwezi mzima.

Sasa, Mwangani walikuwa na desturi yao: hakuna aliyeonja mtama mpya mpaka mfalme aingie shambani mwake na kuvunja suke la kwanza kwa mkono wake. Siku ya mavuno Sultani akaja na mwavuli wake na ngoma zake, na nyuma yake mji mzima wenye njaa. Wakamkuta Shekuwe amesimama ukingoni, jembe mkono mmoja na ile karatasi ya muhuri mkono wa pili.

"Nipishe," akasema Sultani.

"Samahani, bwana wangu. Umekuwa mtama lini?"

Watu wakaziba vinywa. "Una wazimu? Mimi ni mfalme!"

"Najua. Lakini amri haikusema mtama na mfalme. Ukitia mguu humu, kiumbe hai kisichokuwa mtama kimeonekana shambani, nami sina pa kuhamia."

Waziri hakuvumilia. Akaruka ndani, akavunja suke yeye mwenyewe. Mara Shekuwe akamkumbatia kiunoni na kuanza kumvuta juu kwa nguvu zake zote.

"Unafanya nini, maluuni wee?" akapiga kelele Waziri.

"Nakung'oa! Imeandikwa king'olewe au kiuawe, nami nimeanza na lililo jepesi."

Sultani akaangua kicheko, akalichukua lile suke, akalifikicha kiganjani na kupuliza. Likapeperuka lote. Yalikuwa makapi matupu, hata punje moja hamna. Kicheko kikamkauka. "Shekuwe, uko wapi mtama wangu?"

"Huo umesimama peke yake, bwana wangu, kama ulivyoamuru. Hukuamuru uzae."

Sultani akatazama ng'ambo ya mtaro, kwenye kishamba cha Shekuwe. Kule, chini ya majani ya kunde, udongo ulikuwa umeinywa mvua yote, na masuke yameinama kwa uzito. Raia nao walikuwa wakitazama huko, kisha wakamtazama yeye. Aibu ikamshika. Akaichukua ile karatasi, akaichana, akasema kwa sauti ndogo, "Naomba nivunje suke la kwanza kwako."

"Karibu, bwana wangu. Kwangu huingia hata sisimizi."

Ikawa mji ulikula siku ile, na kila nyumba ikaondoka na mbegu za kunde. Sultani akampa Shekuwe shamba lile kubwa alilime apendavyo, kisha akauliza, "Na huyu Waziri, nimfukuze?"

"La, bwana wangu, niachie mimi. Kwangu hakitupwi kitu. Hata mavi ya mbuzi tumeyapatia kazi."

Na kesho yake Waziri Mahfudhi akaanza kazi, nyuma ya mbuzi watatu, na kapu mkononi.